Mama Mashine na Haraka za Sindano

Mwanamke anayesaga nafaka nyuma ya uwanja wa mpira wa kikapu hajawahi kuhitaji kipaza sauti. Amesimama kando ya mashine ile miaka mingi, hata siku hizi akiomba chumvi mezani kwake, jirani wa nyumba ya tatu anashtuka na kuanza kuitafuta. Si ukali. Mashine ikiwaka na mkanda ukashika kasi, mtu wa kawaida akisema neno unaona midomo yake ikicheza tu. Yeye alijifunza kupanda juu ya mngurumo ule. "Ndoo ya bluu ni ya nani? Wewe dada, nafaka yako bado mbichi, karudishe juani, utanizibia chekeche!" Na kila mtu alisikia, mpaka waliokuwa barabarani. Ndiyo maana wakamwita Mama Mashine, na jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye vyeti.

Ni mwanamke mpana, mwenye kitambaa kichwani na nyusi zinazokuwa nyeupe kabla ya saa nne asubuhi. Mafuta ya mashine anatia mwenyewe. Mlio ukibadilika kidogo tu, anazima na kuinama kusikiliza kama daktari. Na ana tabia moja ambayo wateja wake huisimulia hata kwa wageni: akimaliza kusaga, haachi unga ndani ya ule mfuko mrefu wa kitambaa unaotoka kwenye mashine. Anaupiga kwa viganja, anaukung'uta, anaupiga tena, mpaka mwenye ndoo aseme, "Basi, Mama, umetosha." Wako wasagaji wanaokula jioni kwa kile kinachobaki mfukoni. Yeye hapana.

Kwenye mpira wa kikapu aliingia kwa hasira. Ukuta wa mashine na ukuta wa uwanja ni mmoja, na Jumamosi moja mpira uliruka ukatua katikati ya beseni la mteja. Unga ukatapakaa chumba kizima. Mama Mashine akautwaa mpira, akapanda juu ya gunia, akachungulia upande wa pili na kuwaambia wachezaji wote kumi, pamoja na refa, alichofikiri juu yao na juu ya malezi yao. Mchezo ukasimama. Jukwaani watu wakavunjika mbavu kwa kicheko, kisha mtu mmoja akapiga kelele, "Huyo ndiye tunayemtaka huku!" Wiki iliyofuata akaja, kuhakikisha kwamba hawarudii, alisema. Hajakosa mechi ya nyumbani tangu hapo.

Na jukwaa lilimhitaji kwa jambo mahususi. Saa ya uwanja ule, ile inayoonyesha timu imebakiwa na muda gani kabla ya kulazimika kurusha mpira, ilikufa zamani na haikufufuka. Klabu ikabuni njia yake. Mzee wa meza ya waamuzi alishika saa ya mkononi, na zikibaki sekunde kumi aliinua kibendera chekundu. Kuanzia hapo jukwaa lilihesabu kwa sauti: kumi, tisa, nane, hadi mwisho. Mtu mmoja aliongoza ili watu wasipishane. Nani mwingine aongoze?

Walikuwa na ujanja mmoja ambao kila timu ya ugenini iliujua na kuulaani. Wageni wakiwa na mpira, jukwaa lilihesabu mbio mbio, ili wachanganyikiwe na kurusha ovyo. Wageni wakashika adabu, wakawa wanaziba masikio na kumtazama mtu wao mwenye simu kwenye benchi. Lakini wenyeji wakiwa na mpira, hesabu ilikuwa ya haki. Hilo Mama Mashine alilisimamia kama anavyosimamia mfuko wa unga. "Wa kwetu tusiwapunje," alisema. "Wa kwetu tuwape zote kumi."

Basi ndipo akaja Sindano.

Mama Mashine alimjua tangu alipokuwa akitumwa na bibi yake kusaga. Kwenye foleni hakukaa kama wengine. Alidunda mpira wa tenisi uliokwisha manyoya, akiupitisha kati ya ndoo za watu bila kugusa hata moja. Sasa ana miaka ishirini, mwembamba kama jina alilopewa, na ndiye anayeupandisha mpira na kupanga mchezo wa timu kubwa. Wachezaji humwita mtu wa kazi hiyo namba moja. Sindano alipenya mahali ambapo hukuona mlango. Alitoa pasi ambazo hata aliyepewa alizishangaa. Jukwaa lilipendana naye kama familia inavyompenda mtoto wa kwanza kufaulu: kila mtu akawa na ushauri.

Jioni ushauri huo ulimwagwa kwenye saluni ya Kinyozi, mtu mwenye wembe mkononi na wembe mwingine mdomoni.

"Mama Mashine," alianza siku moja, kichwa cha mteja kikiwa nusu, "mtoto wako ana miguu ya swala, sikatai. Lakini ana haraka kama mtu aliyeacha sufuria jikoni."

"Atatulia."

"Lini? Mwaka jana ulisema atatulia. Anapandisha mpira vizuri, anapanga watu vizuri, halafu kibendera kikishapanda tu, pwaa! Anarusha kama mpira una moto. Mrefu, mfungaji wetu, amesimama peke yake chini ya goli, anapunga mikono kama aliyeachwa na basi, na huyu hamwoni."

"Ana miaka ishirini, Kinyozi. Wewe ukiwa na ishirini ulikuwa unakata watu masikio."

Saluni ikaangua kicheko, na mteja mwenye kichwa nusu akajishika sikio.

Lakini Kinyozi hakuwa peke yake, na jambo lenyewe halikuwa mchezo. Mwenyekiti wa klabu alishaongea na mchezeshaji, namba moja mzoefu wa timu ya kiwanda cha sabuni. Mtu mzima, mtulivu, tayari kuja. Kocha alimwomba Mwenyekiti asubiri mpaka mechi ya mwisho ya nyumbani, dhidi ya timu ya bohari na mlinzi wao jitu, ndipo waamue. Yule akija, Sindano atakwenda benchi, na kila mtu jukwaani alijua maana yake: kazi ile haifundishwi kwa kutazama. Mama Mashine alikuwa amemtetea kijana huyu mbele ya kila aliyekuja na ndoo. Usiku alimwombea. Mchana alimgombea. Na kila Jumamosi alimhesabia.

Kabla ya mechi hiyo ya mwisho walikuwa na safari moja ya ugenini, kwenye ukumbi wa chuo wenye taa na sakafu ya mbao. Mashabiki walichanga, wakakodi lori. Ukumbini, juu ya kila goli, kulikuwa na saa nzima, yenye tarakimu nyekundu zilizoonekana hata na asiyevaa miwani yake.

Sindano alicheza siku ile kama mtu aliyeonyeshwa njia. Alitupia jicho zile tarakimu, akadunda, akangoja, akatupia jicho tena. Mama Mashine naye, kwa mazoea tu, tarakimu zilipofika kumi alisimama na kuanza kuhesabu, na lori zima likamfuata. "Tatu! Mbili! Moja! Sifuri!" Wakanyamaza kungoja filimbi.

Filimbi haikulia. Juu ya goli saa ilisema tatu. Sindano alikuwa bado anadunda. Ikasema mbili, walinzi wawili wakamjia, akauteleza mpira katikati yao hadi kwa Mrefu, na Mrefu akautia kikapuni kama anayeweka kofia msumarini.

"Mama!" alipiga kelele mtu wa upande wa wenyeji. "Unakimbilia wapi? Umeacha nyumba wazi?"

Ukumbi ukacheka. Watu wa lori nao wakacheka, wakasema saa ya hawa mbovu. Mama Mashine hakucheka. Ilipofika tena kumi alihesabu kimoyomoyo, macho kwenye tarakimu, na tena akafika kabla ya saa.

Walishinda. Njia nzima lori liliimba jina la Sindano, na Kinyozi akaanzisha nadharia mpya. "Nimeelewa! Ugenini anatulia kwa sababu hawamjui kule. Nyumbani anatuogopa sisi!"

Mama Mashine alikaa pembeni, juu ya tairi la akiba, kimya mpaka watu wakamuuliza kama anaumwa.

Mumewe ni seremala, mtu wa maneno machache ambaye hajawahi kuona utamu wa watu wazima kugombania mpira mmoja. Kesho yake, baada ya chakula, mkewe alimwamuru aangalie saa ya ukutani.

"Nahesabu kutoka kumi. Nikifika sifuri, niambie mshale umefika wapi."

Akahesabu. Seremala akatazama. "Umepatia. Kama umeipima kwa rula."

"Sasa ngoja." Mama Mashine akafumba macho. Akamwona Sindano anadunda, akaliona lile jitu la timu ya bohari linamjia, akakiona kibendera. "Kumi! Tisa! Nane!" Sahani zikatetemeka kwenye rafu. Alipofika sifuri akafumbua macho.

Seremala alikuwa bado anaangalia saa. "Umewahi," alisema. "Rudia."

Akarudia. Akawahi tena. Mara ya tatu alijikaza, akajilazimisha kwenda polepole, na akawahi vilevile.

"Mama watoto," seremala alisema, akichagua maneno kama anayechagua ubao, "ukihesabu tu, uko sawa. Ukimhesabia yule kijana, unakuwa kama mtu anayefukuzwa na nyuki."

Mama Mashine akaketi. Aliwaza juu ya wale wageni wote waliohesabiwa mbio kwa makusudi, na jinsi alivyojisifu kwamba wa kwao hapunjwi. Kumbe upendo ulikuwa unamkimbiza sawasawa na ujanja. Kila Jumamosi, kwa sauti iliyofika barabarani, alimnyang'anya mtoto wake sekunde ambazo angezitumia kumwona Mrefu.

Asubuhi hakufungua mashine kwanza. Alikwenda kwa kocha, mtu mfupi anayeuza mabomba na koki, akamkuta kati ya rafu zake. Akamweleza yote bila kujipamba.

Kocha akaweka chini koki aliyokuwa akiifuta. "Mimi nimemwambia mara ngapi asisikilize jukwaa? Unajua alinijibu nini? 'Kocha, wengine siwasikii. Namsikia Mama Mashine. Huyo hajawahi kunipunja hata kijiko cha unga.'"

Maneno yale yalimwingia Mama Mashine kama maji ya moto.

"Sikujua kwamba hesabu yenyewe inakimbia," kocha akaendelea. "Macho yangu yako mchezoni. Nilidhani ni yeye. Nimekaribia kumweka benchi kwa ajili hiyo." Akafikiri kidogo. "Basi wewe hesabu polepole."

"Siwezi. Nimejaribu jikoni, na jikoni hapakuwa hata na mpira."

"Mtu mwingine aongoze."

"Nani? Kinyozi? Yule hata nywele ananyoa mbio." Akatikisa kichwa. "Tutanyamaza."

Kocha alimtazama mwanamke huyu ambaye kunyamaza kwake kulisababisha watu kuuliza kama anaumwa. "Jukwaa zima?"

"Niachie mimi."

Sindano alikuja mashine jioni ile, ameitwa. Alisikiliza akiwa amesimama mlangoni, unga ukielea baina yao.

"Kwa hiyo muda wote huo nilikuwa na nafasi?"

"Ulikuwa nayo, mwanangu. Mimi ndiye niliyekuwa naila."

Kijana alipangusa unga usoni. Kisha akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyefunguliwa kamba ambayo hakujua amefungwa. Halafu likatoweka. "Sasa nitajuaje imebaki ngapi?"

"Utahesabu mwenyewe."

"Na nikikosea?"

"Utakuwa umekosea wewe. Utarekebisha wewe. Ukikosea kwa sababu yangu, utarekebisha nini?"

Jumamosi jukwaa lilijaa kabla ya wakati, maana kila mtu alijua kinachopimwa. Mama Mashine akapanda kwenye benchi la mbele, akageuka, mgongo uwanjani.

"Jamani! Leo hatuhesabu!"

"Eti nini?"

"Kibendera kikipanda, kimya. Wetu wakiwa na mpira, wageni wakiwa na mpira, kimya."

"Tukae kama tuko hospitali?" Kinyozi alisimama. "Mama, leo ndiyo siku mtoto anatuhitaji! Unataka amwage unga?"

"Anamwaga kwa sababu yetu!" Akawaeleza. Akawaambia habari ya saa ya ukumbini, na saa ya ukutani, na kwamba kosa ni la sauti yake. Wako walioguna. Wako walioangalia chini, maana walikumbuka lile lori na kicheko chao. "Anayetaka kuhesabu, ahesabie tumboni," alimaliza. "Nitakayemsikia, Jumatatu asiniletee ndoo."

Kibendera cha kwanza kilipopanda, uwanja ule haukuwahi kuwa hivyo. Ulisikia viatu vikilia kwenye saruji. Ulisikia mpira. Sindano aliinua macho jukwaani mara moja, kama mtu aliyekanyaga mahali palipokuwa na ngazi na ngazi haipo. Akadunda, akadunda, akadunda mno. Filimbi. Muda umekwisha, mpira kwa wageni.

"Umeona?" Kinyozi alinong'ona kwa nguvu. "Umeona sasa?"

"Nimeona. Kaa chini."

Mara ya pili alirusha mapema. Mara ya tatu akapatia, na ya nne akapatia vizuri zaidi, na kuanzia hapo Mama Mashine aliona jambo ambalo alikuwa akiliombea bila kujua linafananaje: kijana aliacha kuwatazama. Kibendera kilipanda naye akashuka mwendo. Midomo yake ilicheza kidogo, akihesabu. Aliwapanga wenzake kwa kidole, huyu huku, yule kule, kama mtu anayepanga viti sebuleni kwake.

Robo ya mwisho, wamezidiwa pointi moja, mpira ni wao na ni wa mwisho. Kibendera. Mama Mashine alijiziba mdomo kwa mkono wa kulia. Aliona midomo ya Kinyozi inaanza kufunguka, akamziba yeye kwa mkono wa kushoto. Watu wameshikana mikono bila kujua wameshika ya nani. Sindano anadunda. Lile jitu linamjia, mwenzake analifuata, na yeye bado anangoja. Mama Mashine aliona kwamba tumboni mwake yeye muda ulikwisha zamani, kwamba kama angekuwa anaongoza, kijana angekuwa ameshatupa mpira juu ya ukuta. Walinzi wakafunga. Pasi ikapita chini ya kwapa la jitu, ikamkuta Mrefu peke yake chini ya goli, na muda wa kutosha hata kujikuna.

Mrefu akarusha. Mpira ukazunguka kwenye chuma, ukazunguka tena, ukatoka nje.

Filimbi.

Mrefu alikuwa amejifunika uso kwa fulana. Sindano akaenda, akamshika shingo, akamwinamisha, akamwambia maneno sikioni mpaka Mrefu akacheka bila kupenda. Kisha mtu mmoja wa nyuma akaanza kupiga makofi, na wa pili, na jukwaa likasimama lote kwa timu iliyofungwa. Kinyozi alikuwa anafuta macho kwa taulo la saluni.

Mwenyekiti alishuka haraka kwa kocha, simu mkononi. "Basi tumepoteza. Nimpigie yule wa kiwanda?"

"Wa nini?"

"Mchezeshaji, Kocha. Tulikubaliana."

"Mchezeshaji ninaye. Umemwona." Kocha alikuwa anaokota mipira, hakuinua hata kichwa. "Kama una salio kwenye simu, nitafutie mtu wa kumsaidia Mrefu chini ya goli."

Mrefu alisikia, akajifanya anafunga kamba za viatu.

Mama Mashine naye alikuwa amesikia. Alikuwa ameizuia sauti yake mechi nzima, kitu ambacho hata mumewe hangekiamini, na sasa hapakuwa na kibendera tena. Akasimama, akajaza mapafu, akaita, "Sindanooo!" Upande wa pili wa barabara muuza magazeti akadondosha chenji. Kijana akageuka, akainua mkono, akarudi kumsaidia kocha kuokota mipira.

Walitoka wote kwa pamoja kupitia geti la uwanja, wamebanana, kila mmoja akirudia ile pasi kwa mikono yake.

"Haraka imekwisha, nakubali," alisema Kinyozi. "Lakini Mama, umeuona mkono wake wa kushoto? Hauna kazi. Umeletwa kama pambo. Mwakani wakiujua..."

"Mkono wa kushoto umetoa pasi ya pili ya robo ya tatu!"

"Ile? Ile ilikuwa bahati!"

"Bahati gani, wewe, bahati gani?" Na sauti yake ikawatangulia watu wote barabarani, ikipita nyumba moja baada ya nyingine, ikieleza jambo kwa jambo yale ambayo mkono ule wa kushoto utakuja kufanya.